UZI: Lenzi za kufokasi kwa mkono, nani anazitumia huku Amu (Lamu) na Malindi? Yangu yanitoa jasho

Mpwani_Langoni #1

Asalaam aleikum jamaa wote, na wasiosalimiwa hivo hamjambo.

Mi napiga picha Amu, wageni, harusi za jamaa, na ile tamasha ya mwisho wa mwaka. Kamera ni Canon 700D, si mpya lakini yanilisha. Mwezi uliopita nikivuka kutoka Manda nikaona jahazi limejaa tanga lote, nikafungua begi kwa pupa, boti ikapiga wimbi, lenzi yangu ya kila siku ikaoga maji ya chumvi. Sasa ukibonyeza yalia ndani kama panya aliyebanwa na haishiki kitu. Fundi kasema mota ishakufa, kutengeneza ni bei ya kununua nyengine. Pesa hio sina, wageni wenyewe hawajaanza kuja.

Basi jamaa yangu wa Malindi akanipatia hii Helios 44-2 ya Mrusi, 58mm f/2 (f ni tundu la mwanga, namba ndogo tundu kubwa), ilikuwa ya mzee wa Kitaliano aliyekuwa auza vitu vyake arudi kwao. Chuma kitupu, nzito kama jiwe la mizani. 3,500 pamoja na adapta ya M42 (mdomo wa skrubu wa lenzi za zamani) kuja Canon. Ukiitazama mashallah, ukiipiga astaghfirullah. Yeo asubuhi nimepiga 140 kutoka Mkunguni mpaka karibu na Riyadha, zilizoshika ni 9. TISA. Punda masikio unahesabu nywele lakini macho yako kwenye ukungu, mzee wa kahawa birika lang'aa sura yake imekuwa uji. Na kwenye kitundu cha kutazamia naona safi kabisa wallahi, nikifungua kwa laptopu ndio naona maajabu.

Kilichonizuia kuitupa baharini ni kile kitu chake cha nyuma, majani ya mkoko nyuma ya mtu yazunguka kama kisulisuli. Hio sijaiona kwa lenzi nyengine yoyote.

Nataka kujua, lenzi mbovu au mimi mbovu? Na nyie mnaozitumia mwafanyaje?

malindi_klik #2

hahaha karibu chamani kaka. 9 kwa 140 we ni bingwa, mi siku yangu ya kwanza nilipiga harusi ya binamu nikapata mbili na moja ilikuwa ya keki

KisaSony #3

Niko Watamu. Bro uza hio Canon utafute mirolesi (kamera isiyo na kioo ndani) hata ile Sony a6000 ya zamani. Ina kitu kinaitwa piking, kingo za kitu kilichoshika fokasi zinawaka nyekundu ama njano kwenye skrini, unazungusha pete mpaka rangi ifike pale unataka, unapiga. Hizo za kioo kinachoruka hazikutengenezwa kwa kazi hii. Ila kwa Sony lazima uingie kwa menyu uwashe ile ya kupiga bila lenzi, manake kamera inaona lenzi haina umeme inadhani haina lenzi kabisa, nilikaa siku nzima nikidhani nimeuziwa adapta feki.

Mpwani_Langoni #4

Kaka ningekuwa na pesa ya mirolesi si ningenunua lenzi nikapumzika 😂

Mzee_wa_Darkrumu #5

Kijana wa Langoni, waleikum salaam. Mimi nilikuwa na studio Malindi mjini enzi za filamu, miaka hio otofokasi hatuijui, na watu walikuwa wanatoka picha na macho yao yote mawili. Kwa hivo usiilaumu lenzi kabla hujajikagua.

Swali la kwanza. Pembeni ya kile kitundu cha kutazamia kuna kigurudumu kidogo sana, unakijua? Hicho ni cha kurekebisha kulingana na jicho lako, si cha fokasi ya lenzi. Kikisogea begini, we unazungusha lenzi kufidia kasoro ya kitundu, jicho linaridhika, kamera inapata kitu kengine. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, usijali picha, tazama zile namba na vialama vilivyo ndani, zungusha kigurudumu mpaka hivo vialama viwe wembe. Ukishamaliza bandika kiutepe kisisogee tena.

Swali la pili. Hizo picha mbovu, kuna sehemu yoyote imeshika? Ikiwa masikio yameshika na macho hayajashika, hio ni fokasi. Ikiwa picha yote imepakwa upande mmoja kama rangi iliyoguswa kabla haijakauka, hio ni mkono umetikisika na fokasi haina hatia. Kwa 58 kwenye kamera yako yenye senza ndogo, zidisha mara 1.6, ni kama 93, basi shata usipige chini ya 1/125 ya sekunde. Na punda anayetembea 1/250 au zaidi.

Mpwani_Langoni #6

Mzee wallahi nimekwenda kuangalia sa hii. Kigurudumu kilikuwa kimezunguka mpaka mwisho upande wa minasi!! Na mi navaa miwani ya kusomea nyumbani lakini nikipiga picha naivua. Nimerekebisha, nimempiga mdogo wangu hapa barazani, picha 20, zimeshika 8. Yaani kutoka supu mpaka 8 kwa 20 kwa kigurudumu cha ukubwa wa punje ya mbaazi.

Lakini bado 12 zimenikimbia, na nyingi ni zile za f/2.

Mzee_wa_Darkrumu #7

Hizo 12 ndio kazi yenyewe sasa. Nikae nikuandikie vizuri, msinikatize.

Kile kioo cha kutazamia cha kamera yako kimetengenezwa kwa lenzi za kisasa zenye tundu dogo. Hakiwezi kukuonyesha ukweli wa f/2, kinakuonyesha kama uko kwenye f/2.8 hivi au hata zaidi, kwa hivo unaona macho na masikio yote safi, na hapo ndipo unapodanganyika. Kamera za zamani zilikuwa na kioo chenye duara katikati lililokatwa mara mbili, ukikosa mtu ana pua mbili zimepishana, ukipata zinaungana. Yako haina. Kwa hivo washa ile ya kutazama kwa skrini, bonyeza kitufe cha kukuza mara 5 halafu mara 10, fokasi kwenye kope za jicho, ndio upige.

Sasa hesabu. Wewe ukiwa pima moja kutoka kwa mtu, lenzi yako imefunguliwa f/2, sehemu inayoshika ni upana wa vidole vinne tu, sentimita 7 hivi, mbele na nyuma pamoja. Kutoka ncha ya pua mpaka sikio la mtu ni zaidi ya hapo. Ukimsogelea mpaka mwisho wa lenzi, nusu mita, inabaki nusu sentimita, unene wa penseli. Mtu akivuta pumzi ameshatoka. Ukifunga f/8 pale pale pima moja unapata shibiri moja na vidole kadhaa, sura nzima inaingia. Ukirudi nyuma pima tatu na f/8 yako unapata karibu pima moja na nusu, hapo hata punda mzima na mwenyewe wanaingia.

Nasema pima makusudi. Lenzi imeandikwa mita lakini jicho la mtu wa pwani halijui mita, linajua pima. Nyosha mikono yote miwili, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, mita 1.8 kasoro kidogo au zaidi kidogo kulingana na mwili wako. Mkono mmoja kutoka kiwiko ni nusu mita kasoro kidogo. Mimi lenzi zangu zote nilibandika utepe mweupe juu ya pete nikaandika kwa kalamu: nusu pima, pima, pima mbili, pima tatu. Natazama mtu amesimama wapi, nazungusha pete bila hata kuinua kamera. Nikiinua, kazi iliyobaki ni ndogo sana.

Nahodha_Picha #8

mzee heshima yako. babangu alikuwa anapima kamba za nanga ivo ivo, sikuwahi fikiria kwa kamera

bint_mkomani #9

Naomba niseme kitu hapa. Hii ya kuzungusha pete bila kuinua kamera na kupiga kutoka kiunoni ndio mnatupiga nayo kwa vichochoro vya Mkomani. Mtu unatoka kwako na buibui lako wenda kwa jirani, kijana amesimama amejifanya atazama mlango uliochongwa, kumbe ashakuweka pima mbili anakungoja. Mwasema wageni hawana adabu, na nyie je?

Wala si kwamba sijui picha, mi mwenyewe napiga mikono ya maharusi yenye hina, na lenzi yangu pia ni ya mkono.

Mpwani_Langoni #10

Dada nisamehe, mi sipigi ivo, lakini kweli nimewaona wanaopiga ivo na sikuwaambia kitu.

Mzee_wa_Darkrumu #11

Bibie una haki. Mimi nilipoeleza sikusema habari ya kiunoni lakini najua njia ndio hio hio. Studio yangu mtu aliingia kwa miguu yake, akakaa, akaniambia nipige. Barabarani ni hivo hivo, unaomba. Na kusema kweli hizi lenzi zinakulazimisha kuomba, maana zinachukua muda, mtu ataona tu unahangaika na pete, afadhali umwambie mapema.

Tuelezee hio ya hina basi.

bint_mkomani #12

Haya, kwa sababu mzee ameuliza kwa adabu.

Hina nayipiga karibu sana, na karibu sana pete haina faida. Ukiizungusha hata kidogo ua linaruka kutoka kiganja mpaka kwenye kifundo. Kwa hivo mi naweka pete kwenye kipimo changu, siigusi tena, halafu nasogeza mwili. Nakaa kwenye mkeka, viwiko juu ya magoti, nainama mbele taratibu kama mtu anayesinzia, nikiona ule mstari mwembamba wa hina umekuwa mweusi tiii napiga tatu nne mfululizo nikiwa naendelea kuinama. Moja lazima ishike. Apacha (lile tundu la mwanga) f/5.6, mara nyingine f/8, na harusi yaomba dirisha la ukumbini, si flashi. Flashi yafanya hina iwe kama matope.

Na kwa skrini juani haionekani, najifunika leso kichwani mimi na kamera pamoja. Siku moja nilifanya hivo sokoni karibu na ngome, watalii wakaja kunipiga picha mimi. Niliwaacha, nilikuwa sina nafasi ya kugombana 😂

KisaSony #13

hio ya kuinama ni kweli kabisa. na nirudie ya piking, nilisema vizuri sana pale juu lakini kwa f/2 inadanganya, inapaka nyekundu eneo pana kuliko lililoshika kikweli. nikitaka jicho nakuza pia. piking ni ya vitu vya mbali na vya haraka.

na Langoni, kwa hio 700D kuna programu ya bure watu wanaweka kwa kadi inaitwa Magic Lantern, inakuletea piking na mambo mengi. soma sana kabla hujaweka lakini manake inacheza na roho ya kamera, ikiharibika ni shauri yako

malindi_klik #14

Sasa nyie mliobarikiwa na Canon nisikilizeni kilio cha Nikon. Mi nina D3200, nikaona hizi Helios nikasema na mimi. Nikaenda duka moja Mombasa nikauliza adapta ya M42 kuja Nikon, kijana akanipa chuma chembamba akaniambia inafanya kila kitu. Nikarudi Malindi, nikapiga mtoto pale sebuleni, safi. Nikaenda kwa ile nguzo ya Vasco da Gama nipige bahari na mashua, WAPI. Nazungusha pete mpaka mwisho, kila kitu kilicho mbali ni moshi. Kitu cha mwisho kushika kilikuwa mita mbili tatu mbele yangu, jiwe na kaa. Nikafikiri lenzi imefunguliwa na mtu ikafungwa vibaya.

Kumbe ni hesabu ya chuma. Lenzi ya M42 inataka kukaa milimita 45.46 mbele ya senza. Canon yenyewe iko 44, kwa hivo kuna nafasi ya milimita moja na nusu adapta ikae. Nikon iko 46.5, ishapita hata kabla hujaweka adapta. Lenzi imesogezwa mbele kwa nguvu, na lenzi ikisogea mbele inaona karibu, ndio hivo hivo tu. Kuna adapta zenye kijioo ndani kinarudisha mbali lakini kile kijioo kikiwa cha bei rahisi picha inakuwa laini kama imepakwa mafuta ya nazi.

Mirolesi zote hazina shida hii, Sony E ni milimita 18 tu kwa hivo adapta yake ni kama kopo.

Mi nimeiacha tu hio chuma ilivyo. Natumia kwa sura za watu peke yake, mita mbili zanitosha. Bahari napiga na lenzi ya kamera.

Nahodha_Picha #15

na si utafute lenzi za Nikon zenyewe za zamani, zile AI, zinaingia bila adapta

malindi_klik #16

Zinaingia kaka na mbali zinafika, lakini D3200 haipimi mwangaza nazo, kipimo chalala kabisa, unakisia. Mi nakisia kwa ile ya jua kali f/16, shata iwe sawa na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), ISO 200 basi 1/200. Pwani kwenye mchanga mweupe nafunga zaidi kidogo. Kivulini cha ukuta nafungua mpaka f/5.6 ama f/4. Nikipiga naangalia grafu ya mwangaza, narekebisha. Ukizoea huoni shida.

Mpwani_Langoni #17

Hapo mi nashukuru, Canon yangu yapima vizuri tu kwa Av (kamera yachagua shata yenyewe), ingawa imeandika F00 kwa kila picha kama haijui nimeweka nini. Ila nafunga apacha kabla ya kupiga nasahau, ama nafunga kabla ya kufokasi kitundu chawa giza. Hizi pete mbili za mbele za Helios hata sijaelewa ni za nini zote.

Mzee_wa_Darkrumu #18

Pete moja ina milio, tik tik, hio unaiweka kwenye f unayoitaka, tuseme f/8. Ya pili haina mlio, laini, inateleza kati ya f/2 na pale ulipoweka ile ya kwanza. Kwa hivo unafungua laini mpaka f/2, kitundu kinakuwa cheupe, unafokasi, halafu bila kutoa jicho unairudisha mpaka ikwame yenyewe. Imekwama ni f/8. Unapiga. Mwezi mmoja vidole vitafanya vyenyewe na wewe unaongea na mtu.

Wenye Helios 44M wao wana kiswichi cha A na M pembeni, kiwekwe M, la sivyo tundu halifungi na watabaki f/2 maisha yao yote.

Na jua likiwa mbele yako hio lenzi inapauka, weusi unakuwa kijivu. Tengeneza kikofia cha karatasi nyeusi ngumu. Alasiri pale baharini bila kikofia utalia.

kibarua_wa_lenzi #19

Salaam, mi nafungua na kusafisha lenzi, niko Malindi. Nasoma kimya lakini hapa lazima niingie. Kabla hamjaenda kununua za Waitaliano wanaorudi kwao, chukueni tochi ya simu. Fungua lenzi mpaka mwisho, mulika kwa nyuma, tazama kwa mbele kwa mshazari. Vumbi si neno. Mkiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui au mizizi, hio ni kuvu, na huku kwetu kuvu ni ugonjwa wa kila nyumba kwa sababu ya unyevu wa hewa. Ikiwa changa nasafisha inatoka. Ikiwa ya miaka ishakula ile rangi ya juu ya kioo, nikisafisha inabaki alama kama kovu la ndui.

Angalia pia vile vijembe vya tundu, vikiwa vinang'aa mafuta joto la huku limeyeyusha grisi ikashuka. Kwa Helios yenye pete laini si shida kubwa, kwa zile zinazojifunga zenyewe vinakwama.

Na jamani MSIWEKE lenzi kwenye zile pochi zao za ngozi. Ngozi inanyonya unyevu na kuufuga. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, weka ndani vile vipakiti vidogo vya kwenye masanduku ya viatu, vingi, na lenzi juu. Mchele unaacha vumbi lake, ule mpike pilau. Na mkitoka baharini futeni chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, halafu kikavu, mpaka kwenye mikunjo ya pete.

KisaSony #20

Na hizi lenzi zilizogeuka njano? nina Super-Takumar 50 f/1.4 kila kitu kama kimepigwa saa kumi na mbili jioni

kibarua_wa_lenzi #21

Hio ina kioo chenye thoria ndani, ndio kinageuka njano kwa miaka. Jua linarudisha. Weka dirishani siku kadhaa, wengine wiki, itapauka. Ina mionzi kidogo, ya kupiga picha haina neno, usiiweke chini ya mto tu ukalala nayo.

Nahodha_Picha #22

ONYO kutoka kwangu. nilifanya hivo hivo na yangu, nikaiweka dirishani uso juu bila mfuniko wa upande wowote nikaenda kuswali adhuhuri. nimerudi nyumba yanuka moshi. lenzi imekusanya jua ikatoboa mkeka wa mamangu, tundu la ukubwa wa shilingi limezungukwa na weusi. mkeka wenyewe ulisukwa Matondoni alikuwa ameupokea kwa harusi yake. mpaka leo nikitoa kamera ananiuliza unataka kuchoma nini tena

weka upande wa nyuma kitambaa au foili. NAOMBA

bint_mkomani #23

Mkeka wa harusi 😭 na umesimulia kama mchezo

Mzee_wa_Darkrumu #24

Langoni, umepotea. Mambo vipi na pima zako?

Mpwani_Langoni #25

Nimo mzee. Nimebandika utepe kama ulivyosema, nimeandika pima, na nimefanya mazoezi pale Usita wa Mui wiki nzima, bila kupiga mtu, napiga milango na nguzo tu. Natazama, nasema moyoni pima mbili, nazungusha, halafu natazama kwa skrini kama nilikuwa kweli. Siku ya kwanza nilikuwa nakosea kwa mkono mzima. Sasa ndani ya pima mbili sikosei sana, mbele ya pima tatu bado mambo ni kubahatisha, lakini huko f/8 yanisamehe.

Kitu kimoja nimegundua mwenyewe, mwisho wa pete si mbali halisi. Nilikuwa nikipiga majahazi nazungusha mpaka ikwame, yote yana moshi kidogo. Nikakuza kwa skrini nikalenga mnara wa msikiti wa Shela kutoka kwenye boti iliyotulia, umeshika kabla pete haijafika mwisho, unywele mmoja nyuma. Adapta yangu naona ni nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa. Nimechora kialama chekundu pale, majahazi yote sasa ni kwenye kialama.

Halafu Jumamosi nilikwenda Matondoni. Kuna fundi mmoja mtu mzima analipiga kalafati jahazi la watu, nilimwomba, akaniambia piga lakini usinipangie nikae wapi. Nikakaa chini mchangani pima moja kutoka kwenye mkono wake. Anachukua uzi wa pamba aliousokota, anaulaza kwenye mwanya wa mbao mbili, anaupiga kwa patasi butu na nyundo, anasogea kidole kimoja, anapiga tena. Mara ya kwanza nilikuwa namfukuza na pete, akisogea nazungusha, nikifika ameshasogea tena. Kadi nusu imekwisha na sina kitu. Basi nikaacha. Nikatazama mwanya unaelekea wapi, nikaweka fokasi kwenye msumari uliokuwa mkono mmoja mbele yake, f/4, nikamngoja aufikie.

Dakika kama kumi ivi. Akaniuliza, "Mbona hupigi, imeharibika?" Nikamwambia nakungoja wewe. Akacheka, akaendelea.

Alipofika kwenye msumari nilipiga nne. Moja ina kidole gumba chake, ukucha umepasuka katikati, nyuzi za pamba zimetoka kwenye mwanya unaweza kuzihesabu, na nyuma yake ubavu wa jahazi wote umeanza kuzunguka. Naiweka hapo chini, msiniibie.

malindi_klik #26

khaa

Nahodha_Picha #27

nimekuza mpaka nimeona mafuta ya sifa (ya papa) kwenye ukucha. lakini kaka nyuzi za kulia chini hazijashika, naona kama ilienda nyuma nusu kidole

Mzee_wa_Darkrumu #28

Nahodha wewe tulia. Kijana, fundi umempelekea ya karatasi?

Mpwani_Langoni #29

Nimeichapisha moja kubwa mzee, nampelekea Alhamisi maji yakiwa mazuri. Na Nahodha ni kweli ilienda nyuma kidogo, niliona, nilikuwa natumai hamtaona.

bint_mkomani #30

Sasa 140 za jana ngapi zimeshika?

Mpwani_Langoni #31

Sipigi tena 140 dada. Jana nilipiga 22. Zimeshika 13, na mbili kati ya hizo ni punda.